Kiwanda Kikigeuzwa Nyumba: Somo la 101 Spring Street, New York



Nimechagua kuzungumzia jengo moja tu. Liko New York, Marekani, pale Spring Street inapokutana na Mercer Street, katika mtaa wa SoHo. Lilijengwa mwaka 1870 kwa ramani ya Nicholas Whyte. Lina ghorofa tano juu ya ardhi, na pande zake mbili za barabarani ni za chuma cha kusubu. Nguzo za chuma hicho ni nyembamba, kwa hiyo karibu nafasi yote kati yake iliachiwa madirisha. Balbu ya umeme ilikuwa bado haijafika mjini. Aliyeshona, aliyekagua kitambaa na aliyehesabu mali wote walitegemea mwanga wa jua.

Mwaka 1968 msanii Donald Judd alilinunua ili aishi na kufanya kazi humo pamoja na familia yake. Viwanda vidogo vya SoHo vilikuwa vikifungwa au kuhama, wazimamoto waliuita mtaa huo Ekari Mia za Jehanamu kwa sababu ya moto uliozuka mara kwa mara, na ulikuwapo mpango wa kupitisha barabara kuu ya magari katikati yake. Walioukataa mpango huo walishinda. Mwaka 1973 mtaa wenyewe ukawekwa chini ya hifadhi ya majengo ya kihistoria.

Sasa tuingie ndani, maana hapo ndipo penye hoja yangu. Mtu anayepata jumba la kiwanda kwanza huwaza vyumba: hapa ukuta, pale korido, huku choo cha wageni. Judd alikataa. Aliamua kwamba kila ghorofa ibaki wazi, na kwamba safu ya madirisha inayopinda konani isikatwe na kitu chochote. Badala ya kugawa sakafu kwa kuta, aligawa maisha kwa ghorofa. Ukihesabu kuanzia usawa wa barabara, ya kwanza ilikuwa ya maonyesho na kupokea wageni, ya pili ya kupika na kula, ya tatu ya kazi, ya nne ya mazungumzo na karamu, ya tano ya kulala. Huko juu kitanda kiko chini karibu na sakafu, na kando yake kuna kazi ya rafiki yake Dan Flavin, taa za tyubu zilizopangwa kuufuata urefu wa chumba. Vitu viliwekwa mahali pake ili vikae, visihamishwe kila msimu.

Kwa maoni yangu huu ndio ubunifu wa kweli wa kugeuza jengo: kuuliza kwanza kitu gani jengo lenyewe linakifanya vizuri, kisha kuyapanga maisha kukifuata. Ukuta mmoja wa jasi uliowekwa vibaya unaweza kuua kile ambacho fundi wa karne ya 19 alikifanyia kazi kwa akili nyingi. Baada ya Judd kufariki mwaka 1994, watoto wake walililinda jengo hilo. Lilikarabatiwa na kufunguliwa kwa umma mwaka 2013, likiwa bado na upana wake ule ule.

Kuna upande wa sheria ambao maofisa wa miji hawana budi kuusikia. Wasanii wengi wa SoHo waliishi viwandani kabla sheria haijawaruhusu. Waliokubaliwa kukaa walibandika kibao nje chenye herufi A.I.R. (artist in residence, yaani msanii anaishi humo), ili wazimamoto wajue kuwa humo mna mtu amelala. Kibao kidogo, lakini kiliokoa maisha. Mwaka 1971 jiji lilihalalisha makazi ya wasanii katika mtaa huo, na mwaka 1982 jimbo likatunga sheria ya kuwalinda wapangaji wa majengo kama hayo.

Sitaki tusahau waliotangulia. Mwaka 1963 mtafiti Chester Rapkin aliiandikia tume ya mipango ya jiji kwamba viwanda vya SoHo vilikuwa bado vinaajiri watu wengi, hasa Wapuertoriko na Wamarekani Weusi. Nyumba nzuri zilizofuata ziliingia palipokuwa na ajira zao, na baadaye kodi ikapanda hadi wasanii wengi nao wakashindwa. Hilo linaniuma, na uzuri wa ghorofa ya tano haulifuti.

Kwetu, maghala mengi ya Barabara ya Nyerere Dar es Salaam au ya Shimanzi Mombasa yana paa la bati na madirisha machache. Humo neema ni kimo na upana. Mwanga na hewa itabidi vitafutwe kupitia paa. Nairobi wameonyesha njia nyingine: mwaka 2003 GoDown Arts Centre iliyafanya maghala ya eneo la viwanda kuwa mahali pa wasanii. Kwa hiyo napendekeza kibali chochote cha kugeuza ghala kuwa makazi kidai mambo haya: mchoro wa jengo lilivyo kabla ya kuguswa, njia mbili za kutokea moto ukizuka, uchunguzi wa udongo na kuta ili kutafuta mabaki ya kemikali na asibestosi, na maelezo ya wafanyakazi wanaolitumia jengo sasa watahamia wapi.