Kuyapima Mafunzo ya Jioni ya Vijana Wetu


Kabla hatujatoa tena fedha za chama kwa mafunzo ya vijana watokao shuleni jioni, yatupasa kuyapima. Wingi wa watoto siku ya ufunguzi si kipimo. Huko Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa mwaka 1987 kilizipa timu alama za ligi kwa kusafisha mitaa, si kwa mabao pekee, kilihesabu matendo. Nasi tukisome kitabu cha mahudhurio kila mwisho wa muhula, tuwatafute walioacha kuja. Pengine msichana amezuiwa na ndoo ya maji, na mvulana na njaa. Waliobaki watatusifu; walioondoka watatuambia kweli.