Mtoto wa Kulea Asinyimwe Nasaba Yake

Hotuba ya afisa wa dawati la watoto kwa walezi na wazee wa Kiunga, pamoja na wageni wao kutoka visiwa vya Wabajuni



Nimeitwa niseme juu ya watoto wa kulea: namna ya kuwapatia shule, matibabu na msaada wa jamaa zao. Huenda mlitaraji niwasomee orodha ya ofisi. Ofisi nitazitaja. Lakini katika kazi yangu nimeona kwamba kabla ya mlango wowote kufunguka huulizwa swali moja: mtoto huyu ni nani? Mlezi anayelijibu kwa kweli tangu siku ya kwanza hupata taabu, kisha hupata njia. Anayelijibu kwa uwongo hupita upesi, halafu mtoto ndiye anayekwama, tena akiwa mtu mzima.

Mwambao huu haukuanza jana kulea watoto wa wenzao. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 vilipowahamisha watu wa Kiunga na Ishakani hadi Lamu, Malindi na Mombasa, mtoto alichukuliwa na yeyote mwenye nafasi chomboni. Baada ya serikali ya Mogadishu kuanguka mwaka 1991, watu wa Chula, Chovai, Koyama na Kismayo walipakia majahazi kuja kusini, na wengi wakaishia katika kambi za kandokando ya Mombasa, Jomvu ikiwa mojawapo. Mtoto aliyepotezana na wazazi alikalishwa mbele ya wazee akaulizwa, "Wewe wa ukoo gani?" Akitaja mmojawapo wa zile koo kumi na nane, akamtaja na babu yake, basi amefika kwao. Hakuna aliyemdai karatasi. Ushahidi ulikuwa vifuani mwa watu, nao ulitosha.

Leo hautoshi, kwa sababu mbili. Wenye vifua hivyo wanatutoka mmoja mmoja, na shule, hospitali na ofisi ya vitambulisho hazisomi vifua.

Nitawapa kisa kimoja, nikificha yanayoweza kumtambulisha mwenyewe. Binti mmoja alivushwa kutoka visiwani akiwa na umri wa miaka mitatu, mamake amefariki katika uzazi. Rafiki wa marehemu alimchukua, na yeye na mumewe walimpenda. Niliiona picha yake ya utotoni amevaa vipuli vya dhahabu, na nyumba nyuma yake imeezekwa makuti yaliyooza. Ili aingie shule, yule mume alimwandikisha kuwa ni mwanawe wa kumzaa, aliyezaliwa upande huu wa mpaka. Miaka kumi na mitano ikapita. Mama mlezi akatangulia kufa. Binti alipoomba kitambulisho, wazee walioulizwa walisema kweli kama waijuavyo: huyu aliletwa na mashua. Cheti kikasema hivi, wazee vile, na maombi yakasimama. Mwaka uleule baba mlezi naye akafariki, na ndugu zake wakakumbusha kwamba mtoto wa kulea harithi. Kwa sheria ya mirathi hawakukosea. Ila binti hakuwahi kuambiwa. Alijua siku ya tatu ya matanga, mbele ya watu, kwamba aliyemwita baba hakuwa babake. Alipokuja kwangu hakuuliza habari za mali. Aliuliza babake ni nani, na waliojua walikuwa wamezikwa.

Simlaumu yule mzee. Alitaka mtoto asome. Lakini dini yetu ilikwisha kulikata jambo hili, pale Zayd, aliyelelewa na Mtume, alipoamriwa arudishiwe jina la babake Haritha. Mapenzi hayakupungua, jina tu lilirudi mahali pake. Malezi ya namna hiyo ndiyo kafala, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitaja kafala kwa jina lake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, katika kifungu cha 20, nao unaitaja, na Somalia iliuridhia mkataba huo mwaka 2015. Kwa hiyo anayemlea yatima bila kumbadili nasaba anafanya jambo linalotambulika. Kuasili mtoto ni kitu kingine: huko mahakama humfanya mtoto kuwa kama aliyezaliwa na waliomwasili. Msichanganye viwili hivi mbele ya karani, maana matokeo yake hayafanani.

Najua kinachowazuia wengi. Mnasema, nikimpeleka kituoni mtoto niliyemtoa Kismayo, nitaambiwa nimemwiba. Hofu hii nisiidharau; sare hii niliyovaa haikuleta furaha kila nyumba ilipobisha. Hebu basi tuitazame sheria. Sheria ya kupambana na biashara ya binadamu ya mwaka 2010 inatoa adhabu ya kifungo kisichopungua miaka thelathini, au faini isiyopungua shilingi milioni thelathini, na inamtaja hata anayemlea au kumwasili mtoto kwa ajili ya biashara hiyo. Ndiyo sababu tunauliza maswali. Lakini kiini cha kosa ni kusudio la kumnyonya mtoto: kumtumikisha, kumuuza, kumharibu. Shangazi aliyemvusha yatima ili ale na asome hana kusudio hilo, na ushahidi wake mkubwa ni kwamba alikuja mwenyewe kusema. Mtoto anayegunduliwa mwaka wa tano, katika nyumba isiyotaka kueleza alikotoka, ndiye anayetutia shaka.

Basi mtoto akifika, asipite juma. Mwende kwa chifu, kisha kituoni, mwandikishe habari zake na kupewa namba ya OB, halafu kwa afisa wa watoto, ambaye ndiye mwenye kusimamia kafala na malezi mengine. Aje mlezi, aje nahodha aliyemleta, aje mzee wa ukoo wake. Lisemwe jina la mama, la baba, la babu, la kisiwa na la mtaa. Lisilojulikana lisemwe kwamba halijulikani. Pengo huweza kujazwa baadaye, uwongo hauna pa kuziba. Mtoto aliyezaliwa Chula asiandikwe Kiunga. Mwenye kuhitaji hifadhi ana Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021. Katiba ya Kenya nayo, kifungu cha 14, inamdhania kuwa raia wa kuzaliwa mtoto aliyeokotwa nchini, anayeonekana hajatimiza miaka minane, ikiwa uraia wake na wazazi wake hawajulikani. Kifungu cha 15 kinampa mtoto aliyeasiliwa na raia haki ya kuomba kusajiliwa. Hicho kinasema kuasiliwa. Hakikutaja kafala, kwa hiyo mlezi asijiaminishe kwamba kafala pekee imekwisha kuleta uraia. Njia ya kweli ni ndefu, sitawaficha. Nimewaona walezi wakirudi na mashua mara tatu kwa karatasi moja.

Wakati njia hiyo inaendelea, mtoto asikae nyumbani. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, pamoja na matibabu, na hakikusema kila mtoto mwenye cheti. Mlezi akiambiwa shuleni kwamba nafasi haipo kwa kuwa cheti hakipo, asigombane na mwalimu, ambaye mara nyingi anabanwa na fomu zake. Amrudie afisa wa watoto na ile namba ya OB. Kwa ndugu zetu wa upande wa Somalia, Katiba ya Muda ya mwaka 2012, kifungu cha 29, inampa kila mtoto jina na uraia tangu kuzaliwa.

Afya isingoje hata siku moja. Mwaka 2013 polio ilizuka Mogadishu, na mwezi huohuo ikaonekana Dadaab. Haikuonyesha pasi kwa mtu. Mtoto asiyejulikana alichanjwa nini apelekwe zahanati aanzishiwe, na kadi yake itunzwe kama fedha. Mara nyingi kadi hiyo ndiyo karatasi yake ya kwanza yenye tarehe.

Na hapa, mama zangu, kuna neno la maziwa. Wengi wenu mmewanyonyesha wachanga walioletwa bila mama. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mtoto akinyonya mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili amekuwa mwana wa maziwa, na watoto wako ni ndugu zake wasiooana naye. Mmoja akikulia Kiunga na mwingine Kismayo, wakikutana Mombasa baada ya miaka ishirini, nani atawaambia? Liandikeni. Mpeni shekhe wa mtaa nakala.

Jamaa wa mtoto wasikatwe. Ami aliyebaki Chovai huenda hana cha kutuma, lakini anajua kaburi la babake mtoto liko wapi na shamba la minazi la babu linaishia wapi, na iko siku elimu hiyo itahitajika. Waliopotezana wawaendee Msalaba Mwekundu wa Kenya au Hilali Nyekundu ya Somalia. Kutafuta jamaa ni sehemu ya kazi yao, na wakubwa mnayakumbuka majina yaliyosomwa katika idhaa ya Kisomali ya BBC. Mlezi anayetaka mwanawe wa kulea apate kitu baada yake asitegemee mirathi. Dini imemwachia theluthi ya mali aiusie atakavyo, na kadhi atamwandikia wasia akiwa bado na akili timamu na ulimi mwepesi.

Nimekuja na kitabu. Baada ya sala ya alasiri nitakaa chini ya ule mkungu karibu na msikiti, na shekhe atakuwa pamoja nami. Aliye na mtoto wa kulea aje naye, na kama kuna bibi aliyemjua mamake, naomba abebwe aletwe.