Gandhi na Reli Aliyoilaani



Gandhi husifiwa kwa mambo mawili kana kwamba ni jambo moja: kukataa kutumia nguvu, na kuukosoa ustaarabu wa kisasa. Mimi naona hayo mawili hayapikiki chungu kimoja. La kwanza lilifanikiwa kwa msaada wa vitu vilevile ambavyo la pili lilivilaani.

Novemba 1909, akiwa melini akirudi Afrika Kusini kutoka London, Gandhi aliandika Hind Swaraj kwa Kigujarati. Humo reli inashitakiwa kwa kueneza tauni na kuzidisha njaa, mawakili kwa kuchochea ugomvi, madaktari kwa kuwafanya watu wasijizuie. Kuhusu njaa alikuwa na hoja: reli za Mwingereza zilisomba nafaka kuipeleka penye bei nzuri, hata wakulima wakiwa na njaa. Kuhusu madaktari, wapo wanaomcheka kwa sababu mwaka 1924, akiwa mfungwa, alipasuliwa kidole tumbo na daktari Mwingereza katika hospitali ya Poona. Kejeli hiyo ni rahisi mno. Mgonjwa hana la kuchagua. Tatizo liko kwenye mapambano yenyewe.

Machi 1930 aliondoka kwenye makao yake ya Sabarmati, India, na wafuasi 78 kwenda pwani ya Dandi kuokota chumvi kinyume cha sheria ya Mwingereza. Wao walikwenda kwa miguu, habari zao zikaenda kwa telegrafu. Mwezi Mei, kwenye kiwanda cha chumvi cha Dharasana, polisi waliwapiga virungu waandamanaji ambao hawakuinua mkono hata wa kujikinga. Webb Miller, mwandishi wa habari kutoka Marekani, aliona, akaandika, dunia ikasoma. Bila magazeti, vichwa vile vingepasuliwa bure. Na serikali ya London, ya chama cha Labour wakati huo, ilikuwa na bunge la kuihoji na wapigakura wa kuiadhibu. Hoja ya namna hii mwandishi Mwingereza George Orwell aliitoa mwaka 1949. Kabla yake, mwaka 1939, mwanafalsafa Myahudi Martin Buber alimwandikia Gandhi mwenyewe, aliyekuwa amewashauri Wayahudi wa Ujerumani wafuate njia yake: kule, alisema Buber, anayeteswa hana shahidi.

Mtaniuliza, na Sharpeville je? Habari za waandamanaji 69 waliouawa na polisi huko, Afrika Kusini, Machi 1960 zilienea duniani. Ndiyo, lakini waliohuzunika hawakuwa na kura Pretoria. Mwaka uliofuata likazaliwa jeshi la Umkhonto we Sizwe la kupigania uhuru, katika nchi ileile ambako Gandhi alianzisha satyagraha, mapambano yake yasiyotumia nguvu, mwaka 1906. Sioni kwamba Mandela na wenzake walioliunda walipungukiwa na subira.

Mfano mzito zaidi kwangu ni wa mji wa Mahad, India. Machi 1927 B. R. Ambedkar, kiongozi aliyezaliwa miongoni mwao, aliwaongoza watu walioitwa wasioguswa kwenda kunywa maji ya bwawa la umma. Hawakumpiga mtu, walipigwa wao. Tena hawakupigwa na Mwingereza. Waliowapiga ni watu wa tabaka za juu wa palepale, watoto wa jamii ya jadi ambayo Hind Swaraj inaipamba. Haki yao juu ya bwawa lile ilithibitishwa mwaka 1937 na Mahakama Kuu ya Bombay, baada ya miaka ya kesi, kwa mawakili na majaji wa mfumo uleule wa kigeni. Ambedkar naye alikuwa wakili.