Maziwa yachemshwe kwanza: maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Luvungi



Tumeombwa tuseme juu ya mashanza kwa sababu kuna mabishano. Wengine tulirudi Luvungi kutoka Nyarugusu, Tanzania, wengine tulivuka tu Ruzizi kutoka Burundi, na kila mama amerudi na mkono wake. Huyu anatia chumvi na tangawisi. Yule anaponda pilipili mbichi na kotimiri. Alijifunza akipika kwa Wahindi Bujumbura. Wazee nao wanasema mashanza ya kweli ni maziwa peke yake, kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, basi.

Viungo sisi hatuvikatai. Hata Bangladesh wana yao, wanaiita borhani: maziwa ya kuganda yaliyopigwa pamoja na nanaa, pilipili mbichi, haradali na chumvi nyeusi, wanayanywa harusini wakila biriani. Yetu wanayanywa abiria wa njia ya Uvira na Bukavu, kwenye jua kali, na wanalipa.

Shida ni maziwa mabichi. Zamani ulimjua ng'ombe wako na mama yake. Hawa wa sasa tumewanunua huku na huku, nani anajua wana ugonjwa gani? Ule wa kutupa mimba, brusela, unapita kwenye maziwa mpaka kwa mtu. Homa inaenda inarudi, viungo vinauma, unatibiwa malaria na hauponi. Ukali wa mashanza hautoshi kuuondoa, pilipili ndiyo kabisa. Moto ndio unaua.

Wazee wanajibu: yakichemshwa hayagandi. Wanasema kweli, kwa sababu moto unaua pia vile vidudu vizuri vinavyogandisha. Basi tunavirudisha. Chemsha maziwa mpaka yapande, acha yapoe hadi kidole kivumilie, tia kijiko cha mashanza ya jana, funika, nenda ulale. Kwa joto la bonde letu, asubuhi yameshika. Lakini hayo ya jana yawe pia yametoka kwenye maziwa yaliyochemshwa, la sivyo umerudisha ugonjwa kwa mkono wako. Ile harufu ya moshi itakosekana, tunajua, na sisi pia tunaipenda. Ila kibuyu ni kigumu kukisafisha ndani. Sufuria yenye kifuniko ni bora. Bidoni ya mafuta, hapana!

Viungo vitiwe mwisho, baada ya mtu kuonja mashanza yakiwa matupu. Tangawisi nyingi inaficha maziwa yaliyooza, na wenye haraka ya kuuza wanalijua hilo vizuri.

Sasa makala. Mama anayechemsha ananunua makala, halafu anauza kikombe bei ileile na jirani asiyechemsha. Anayefanya vizuri ndiye anapoteza, na hivyo hatadumu. Kamati inaomba sanduku la chama lilipe makala kwa miezi mitatu ya kwanza, na asiyechemsha asiuze kwa jina la chama. Kwa wafadhili: ile mashine ya kupoza tuliyoomba ingoje. Tusaidieni kwanza na sufuria kubwa zenye vifuniko.

Wamama wanaouza wataongea wa kwanza, kisha wazee. Kura ni leo, baada ya chakula.