Wazee Wakaao Makaoni: Haki Yao na Usalama Wao
(Maneno ya mwalimu wa dini wa Idodi mbele ya waumini na walimu)



Nimepewa nafasi ya kusema neno katika jubilei hii, nami nimechagua jambo lisilopendeza sana siku ya furaha. Nataka kusema habari za wazee wakaao katika makao, yaani wale wasiokaa kwao wala kwa watoto wao, bali katika nyumba za Serikali au za watawa au za vyama vya huruma, wakilishwa na kutunzwa na watu wengine mpaka kufa. Katika Kitabu cha Walawi, mwaka wa jubilei ulikuwa mwaka wa kila mtu kurudi kwao. Hawa jubilei huja ikapita, nao hawarudi.

Huenda mtu akasema, Uheheni hatuna desturi hiyo. Ni kweli. Lakini vijana wetu wa Idodi na Pawaga wengi wako Dar es Salaam na Mbeya, na majaruba ya mpunga mara nyingi yameachiwa bibi na wajukuu. Tena makao yenyewe si jambo geni katika nchi yetu. Yako Fungafunga pale Morogoro, Nunge ya Kigamboni, Kolandoto ya Shinyanga, Bukumbi upande wa Mwanza, Sukamahela ya Manyoni. Na Unguja yako Welezo na Sebleni. Waliomo ni nani? Wengine waliugua ukoma wakapona, kwa maana tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza dawa za kuchanganywa ambazo zaponya kabisa. Ugonjwa umekwisha, lakini kijijini kwao bado waviogopa vidole vilivyokatika. Wengine ni akina mama waliofukuzwa huko Usukuma kwa sababu macho yao ni mekundu, wakaitwa wachawi, kumbe macho yalikuwa yameharibiwa na moshi wa jikoni. Wako pia waliotoka kwao kwenda kukata mkonge, wakazeeka ugenini. Na katika kazi ile nyanda hizi zetu zilitoa watu wengi. Basi msidhani kwamba nasema habari za watu wa mbali.

Ninyi watu wa Idodi hamna haja ya kufundishwa maana ya kulala katika nyumba iliyopangwa na mwingine. Mwezi wa Agosti mwaka 2009 bweni la wasichana la shule yetu ya sekondari liliungua usiku, wakafa wanafunzi 12. Wale walikuwa vijana wenye miguu ya kukimbia. Je, mzee asiyeona, au asiye na vidole vya kushika kitasa, atatokaje? Kwa hiyo mimi nikiingia makaoni siulizi kwanza habari za chakula. Nauliza, usiku ufunguo uko kwa nani, naye alala wapi?

Nimeona mara nyingi jinsi tunavyowazuru. Twafika na sabuni, sukari na mchele. Kwaya yaimba, picha zapigwa, twarudi kabla ya jua kuchwa. Silaumu sabuni, mwenye kuoga aihitaji. Lakini mzee akipewa zawadi mbele ya msimamizi wake hawezi kusema kwamba jana alipigwa, au kwamba fedha aliyoletewa na mwanawe haikumfikia. Wageni wataondoka, yeye atabaki, na mkono umpao uji ni ule ule aliotaka kuushitaki. Hapo ndipo penye shina la jambo hili. Mtu akaaye kwake, akionewa, aweza kuhama au kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji chake. Mzee wa makaoni hana pa kuhamia. Watunzaji wengi ni watu wema, tena huchoka sana, maana mara nyingine mmoja huinua na kugeuza wazee wengi kupita nguvu zake. Walakini wema wa mtunzaji si kinga ya kutosha, kwa sababu mtunzaji aweza kubadilishwa kesho.

Sikilizeni yaliyotokea Afrika Kusini, katika jimbo la Gauteng. Wagonjwa wa akili wengi walikuwa wametunzwa miaka mingi katika nyumba ziitwazo Life Esidimeni. Mwaka 2015 wakuu wa afya wa jimbo wakaazimu kuuvunja mkataba, wakisema wapunguza gharama. Ndugu za wagonjwa wakakataa. Wakaandika, wakaandamana, wakaenda hata mahakamani, wasisikilizwe. Mwaka 2016 wagonjwa zaidi ya 1,300 wakahamishwa haraka, wengi wao wakapelekwa kwa vyama visivyokuwa na leseni halali, wala chakula cha kutosha, wala watu waliojua kazi. Ndugu wengine walizunguka huku na huku hawajui mgonjwa wao yuko wapi. Walikufa watu 144, na katika sababu zilizotajwa zilikuwamo njaa, kiu na baridi. Mwaka 2018 Dikgang Moseneke, aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, aliamua kwamba Serikali iwalipe jamaa zao. Na mwaka 2024 jaji mwingine, baada ya kuchunguza vifo hivyo, alisema kwamba wakubwa wawili ndio waliosababisha vifo vya watu tisa. Angalieni basi: hapakuwa na vita wala tauni. Palikuwa na barua za ofisini, na watu waliohamishwa pasipo kuulizwa.

Je, sisi tuna ulinzi gani? Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003, nayo ni njema, lakini sera si sheria. Mwenye kuivunja hashitakiwi kwa ajili yake. Unguja na Pemba wametutangulia, walitunga sheria ya mambo ya wazee mwaka 2020. Umoja wa Afrika ulikubali mwaka 2016 mkataba wa haki za wazee, ulioanza kuwa na nguvu mwaka 2024, nao wasema kwamba kukaa makaoni kuwe kwa hiari, na matunzo yafikie kipimo kilichowekwa. Tena kumbukeni kwamba mwenye kufungua makao ya watoto atakiwa awe na leseni kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kama mtoto astahili nyumba iliyokaguliwa, kwa nini babu yake asistahili? Hili mmwulize mbunge wenu ajapo kuomba kura, msimwulize habari za barabara peke yake.

Walimu, ninyi nina neno nanyi. Ninyi mwajua kuandika, na wazee wengi hawajui. Nendeni wawili wawili, kaeni na mzee mmoja nje chini ya mti, mbali na ofisi, mmwandikie barua kwa ndugu zake kwa maneno yake mwenyewe. Mwulizeni jina la kijiji chake na la ukoo wake, mliandike, ili akihamishwa pawe na mtu ajuaye kwamba alikuwapo. Ulizeni kama kadi yake ya matibabu iko mkononi mwake. Akisema jambo zito, msilitangaze pale pale mkamponza. Lipelekeni kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya kwa maandishi, mbaki na nakala, mkarudi baada ya mwezi kutazama kama limefanyiwa kazi.

Tarehe 1 Oktoba ni siku ya wazee duniani, na kwaya nyingi zitataka kwenda siku hiyo. Mimi nawasihi msiende siku hiyo, maana wageni watakuwa tele na uwanja utakuwa umefagiwa. Nendeni mwishoni mwa Novemba, mvua zikianza, muone ni paa lipi livujalo, na ni nani alalaye chini yake.