Damu ya ndugu inaweza kukataa
(Mazungumzo kwenye mkutano wa mwezi, yameandikwa kwa ajili ya wanachama ambao hawakufika)

Asante kunipa nafasi mbele ya habari ya mchango, maana kisha mchango watu wanaanzaka kutoka mmoja mmoja.

Mwaka tuliorudi kutoka Nyarugusu, mtoto wa dada yangu alishikwa na malaria. Alikuwa na miaka mitatu. Tulipomfikisha hospitali, viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo, anahema kama mtu aliyekimbia. Muganga akasema: damu imemwishia, tafuteni wa kumpa. Baba yake alikuwa ziwani. Mama yake alikuwa na mimba. Baba mdogo wake alisema anaenda kuchaji simu, hakurudi. Mimi nikatoa mkono, labo wakapima: mimi ni A, mtoto ni O. Damu yangu haiwezi kumwingia. Mimi mjomba wake kabisa! Aliyemwokoa ni motari aliyetuleta, kijana ambaye hata jina lake hatukujua. Yeye alikuwa O.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, lakini siku ile ndipo nilitaka kuijua damu vizuri.

Mtu mzima ana lita karibu 5. Ukiiweka kwenye chupa ya labo yenye dawa ya kuzuia isigande, inajitenga yenyewe. Juu kunabaki maji ya manjano, plazma, zaidi kidogo ya nusu. Hiyo ndiyo inabeba chakula na dawa, na inapeleka uchafu kwenye mafigo. Chini kunakaa chembe nyekundu. Katikati kuna utando mwembamba: chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa, pamoja na vipande vidogo vinavyoziba kidonda ili damu isitoke ovyo.

Chembe nyekundu ndizo zilizokuwa zimemwishia mtoto wetu. Ndani yake kuna hemoglobini, yenye chuma, inayoshika hewa mapafuni na kuipeleka mwili wote. Zinatengenezwa ndani ya mifupa, na kila moja inaishi siku kama 120. Sasa mdudu wa malaria anaingia ndani yake, anazaliana, anaipasua, anaenda kwa zingine. Mtoto wa kilo 12 ana damu karibu lita 1 tu. Ndiyo maana unamwona Jumatatu anacheza, Alhamisi hawezi kusimama. Ukiona viganja vimepauka, usingoje soko liishe.

Kuhusu grupu: Karl Landsteiner wa Vienna ndiye alizionyesha mwaka 1901. Kuna A, B, AB na O. Mgonjwa wa O anapokea O peke yake. Ukimpa A, mwili wake unaivunja damu ile, na anaweza kufa. Tena baba wa A na mama wa B wanaweza kuzaa mtoto wa O. Wababa, nawaomba, msirudi nyumbani na karatasi ya labo kuanzisha maneno.

Sasa tuseme ile inayotuogopesha. Wanatoa kama mililita 450, haifiki sehemu moja ya kumi. Maji yake yanarudi kwa siku moja au mbili, chembe nyekundu kwa majuma machache. Ukiwa na miaka 18, kilo 50 na afya nzuri, unaweza kutoa: mwanaume kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Mwenye mimba na anayenyonyesha, hapana. Kisha ule sombe, lengalenga, maharagi, dagaa, na chai uiache kwanza, inazuia chuma kisiingie.

Baba mdogo aliniambia baadaye kwamba hakuogopa sindano. Aliogopa kupimwa, juu damu inapimwa ukimwi, hepatiti B na C, na kaswende. Sikumlaumu sana. Lakini jibu ni lako na muganga, halisomwi kwenye baraza. Na ukikutwa na kitu, dawa zipo.

Kazi yangu ya shirika inanizungusha, na nimeona watu wanaongojea kwenye geti la hospitali kuuza damu yao. Anayeuza kwa njaa ataficha ugonjwa wake. Tusifike hapo.

Damu ikiwa kwenye firigo inakaa siku 35, lakini umeme wa kwetu mnaujua. Kwa hiyo naomba chama kiwe na kaye moja: jina, grupu, namba ya simu. Usiku mtoto wa mwenzetu akizidiwa, tunajua tumwamshe nani.

Mpwa wangu sasa yuko darasa la tatu. Kaye iko kwa mama sekreta. Mstari wa kwanza nimejiandika mimi: A.