Lugha ya Kufundishia na Urithi wa Matabaka



Émile Durkheim aliiona elimu kuwa ni kazi ya watu wazima kukiandaa kizazi kichanga kwa maisha ya jamii. Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron, katika kitabu chao cha mwaka 1970, walitilia shaka usawa wa maandalizi hayo: shule humtuza mtoto kwa yale aliyokwisha kuyapata nyumbani, kisha ikayaita kipaji.

Kwetu Tanzania jambo hili hudhihirika katika kidato cha kwanza. Mtoto aliyejifunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali hukuta masomo yale yale yakifundishwa kwa Kiingereza. Mwenzake aliyelipiwa ada katika shule ya Kiingereza tangu chekechea habadilishi chochote. Wote wawili hufanya mtihani mmoja wa kidato cha nne. Mmoja hupimwa biolojia; mwingine hupimwa Kiingereza kwanza, kisha, akibahatika kulielewa swali, biolojia. Waliowahi kusahihisha wanayajua majibu ambayo ni swali lenyewe lililonakiliwa neno kwa neno.

Haya si mageni. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alishutumu elimu inayojenga tabaka la wasomi waliojitenga na umma. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kifundishie katika sekondari, pendekezo halikutekelezwa. Kisingizio cha uhaba wa istilahi nacho kilidhoofika mwaka 1990, TUKI ilipochapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Kwa maoni yangu, kikwazo ni cha kijamii: waamuzi wa sera wamepita katika mlango huo huo mwembamba, na wanao uwezo wa kuwapitisha watoto wao.

Hata hivyo, simlaumu mzazi mkulima anayeuza mbuzi ili mwanawe ajue Kiingereza. Amelisoma soko la ajira kwa usahihi kuliko baadhi yetu. Anachouziwa, hata hivyo, ni kitu kingine. Katika madarasa mengi mwalimu huandika ubaoni kwa Kiingereza, hueleza kwa Kiswahili, na mwanafunzi hukariri asichokielewa. Kiingereza kingefundishwa kama somo, na walimu waliofunzwa kazi hiyo, mzazi yule angekipata alichokilipia, na mwanawe angeielewa biolojia pia.